Ulinzi wa Chombo Kilicholala



Ndugu wasomaji, watu wengi huiombea mashua dua siku inapotweka tanga. Akina mama husimama milangoni, watoto hukimbilia pwani, na wazee husoma Fatiha mpaka chombo kipotee machoni. Lakini siku chombo hicho hicho kinapopandishwa mchangani na kutiwa magadi, kila mtu hurudi kwake akasema: "Alhamdulillahi, sasa kimesalimika." Mimi nimezaliwa na kukulia katika visiwa vya Lamu, jirani na pwani inapolazwa vyombo, na katika umri wangu nimeona vyombo vilivyokufa usingizini kuwa ni vingi kuliko vilivyokufa safarini. Kwa hiyo nimependa kuandika machache juu ya ulinzi wa chombo katika miezi ya mapumziko, na juu ya bima yake. Kwani mambo haya mawili huzungumzwa mbalimbali, na hali yake ni kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Bahari yetu ina mlango, na mlango huo hufunguliwa na kufungwa na Mola wake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo miezi ya riziki: samaki hupatikana, wageni huja, na bahari ya nje hupitika. Kisha huingia kusi katika mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika, nayo hupata nguvu zake zote katika Juni, Julai na Agosti, wakati tunaouita kipupwe. Hewa huwa ya baridi kidogo, na nje ya miamba mawimbi huinuka hata chombo kidogo hakina njia. Ahmad bin Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari aliyetoka Julfar katika Ghuba, aliyeandika kitabu chake kikubwa mnamo mwaka 1490, alieleza jinsi bahari inavyofungwa wakati wa nguvu za kusi. Nao wazee wetu walihesabu siku za mwaka kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu siku ya Nairuzi, ili wajue lini kupandisha chombo na lini kukishusha.

Watu wa nchi za baridi nao wana kusi yao, nayo ni barafu. Huko vyombo vingi hutolewa majini kabla ya baridi kukaza, kwa sababu maji yanapoganda huongezeka ukubwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na maji yaliyosahauliwa ndani ya mashine huweza kupasua chuma. Wao hukimbia barafu, sisi hukimbia mawimbi. Lakini kanuni ni moja. Kila mwenye chombo amepewa miezi ya kuchuma na miezi ya kulinda alichochuma, na Qurani Tukufu, katika Sura ya Quraysh, yawakumbusha watu wa Makka neema ya safari zao mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Anayezijua nyakati na asizifuate, ameijua neema na hakuishukuru.

Katika jamaa yetu tuna mashua moja. Kila safari, baada ya kutolewa gharama za chakula na mafuta, mapato hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Katika lile fungu la chombo tunakula mimi, ami yangu, dada zangu wawili, na mjane wa marehemu binamu yangu pamoja na mayatima wake wanne. Mpita njia akiiona mashua imesimama pwani, na rangi yake mpya, husema kuwa wenyewe ni matajiri. Mtu huyo na aisome Sura ya Al-Kahf, katika kisa cha Nabii Musa a.s. na Khidhr. Chombo kile alichokitia dosari Khidhr kilikuwa cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, naye alikiharibu kidogo ili mfalme mnyang'anyi asikitamani. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameitumia aya hiyo kuwa hoja kwamba mtu huweza kuwa na mali, hata chombo cha bahari, na bado akahesabiwa maskini. Naam, ndivyo tulivyo sisi. Mashua moja kwa nyumba tano si utajiri. Ni jungu moja lenye mikono mingi, na likivunjika hakuna la pili jikoni.

Tena katika jungu hilo mna haki ya mayatima, na Mwislamu hana haja ya kuelezwa uzito wa mali ya yatima. Ndiyo maana ami yangu, ambaye sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, huja pwani kila siku ya kipupwe akiwa na fimbo yake, akaizunguka mashua kama tabibu anayemzunguka mgonjwa. Mpwa wangu kijana alimwuliza mwaka mmoja, mbele yangu:

"Babu, si bora tuiache majini kwa nanga, mpaka upepo utulie? Kuipandisha ni kazi ya watu ishirini, na kuishusha ni kazi ya watu ishirini."

Ami akamjibu: "Mjukuu wangu, kamba haina macho. Wewe utalala, nayo itasuguana na jiwe usiku kucha. Asubuhi utaikuta kamba, mashua usiione."

Basi nitaeleza, kwa faida ya vijana, adui wanaokijia chombo kilicholala, na silaha walizotuachia wazee.

Adui wa kwanza ni maji ya mvua. Asiyejua hushangaa, akasema: vipi chombo kilichokaa baharini miezi minane kiogope mvua? Jibu ni kwamba maji ya chumvi huzihifadhi mbao, lakini maji matamu yakituama ndani ya ngama juma baada ya juma huziozesha, hasa pale mataruma yanapoungana na mkuku, mahali pasipoingia upepo wala jicho. Kwa hiyo chombo kinapolazwa, tundu lake la chini hufunguliwa, omo huinuliwa kidogo kuliko tezi ili maji yapate njia, na juu yake hujengwa banda la makuti.

Banda hilo hulinda pia adui wa pili, nalo ni jua. Mbao zikikauka kupita kiasi hunywea, pamba ya kalafati hulegea, na siku chombo kinaposhushwa maji huingia kama katika ungo. Jioni, siku za ukavu, hurushiwa maji ya bahari kwa ndoo, na kabla ya kushushwa fundi hupita kila mwanya akakalafati upya kwa pamba iliyolowanishwa mafuta.

Adui wa tatu ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Huyu ni adui mnafiki. Kwa nje ubao ni mzima, na tundu aliloingilia ni dogo kama ncha ya sindano. Kwa ndani umeliwa ukawa kama sega la nyuki. Wadudu hawa huishi ndani ya mbao zilizomo majini, na ndiyo sababu kubwa ya kutokiacha chombo cha mbao kikae kwa nanga miezi mitatu bila ya kuguswa. Dawa yake ni kukipandisha, kukikwangua magamba, kukipitishia chini moto wa makuti makavu, kisha kukidehenia kwa chokaa iliyochanganywa na shahamu; na sehemu ya juu kuipaka mafuta ya papa, ambayo mabaharia huyaita sifa.

Adui wa nne ni bahari yenyewe. Chombo hupandishwa siku ya bamvua, maji yanapofika mwisho wa kujaa kwake, kisha huvutwa mbele zaidi ili bamvua ijayo isikifikie. Kwetu maji ya kujaa na ya kupwa hupitana kwa zaidi ya mita 3, na hapana magadi yatakayosimama iwapo maji yatauchimba mchanga chini yake. Kwa sababu hiyo huwekwa vipande vya mbao pana chini ya kila gadi, na magadi yote hukaguliwa mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, kwani ndizo siku za bamvua.

Adui wa tano ni mkono wa mwanadamu, na meno ya panya. Mashine huvuliwa, ikaoshwa kwa maji matamu, ikabadilishwa mafuta na kufungiwa nyumbani. Tanga hukaushwa vizuri na kutundikwa darini. Kamba, nanga na usukani huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe ya kupandisha na jina la mlinzi. Siku hizi vijana wetu huongeza jambo jema, nalo ni kupiga picha kwa simu: omo, tezi, chini na ndani. Picha hizo hugharimu dakika tano, na faida yake nitaieleza.

Ndugu wasomaji, sasa nifike kwenye jambo la bima. Jirani yetu mmoja alikuwa na mashua nzuri ya kuchukulia wageni wakati wa kaskazi. Kwa kuwa biashara yake ilimtaka awe na bima, alilipa kila mwaka, na karatasi yake aliiweka sandukuni pamoja na hati za nyumba. Mwaka mmoja kusi iliingia, wageni wakaondoka, naye akaiacha mashua kwa nanga mbele ya kijiji, akisema: "Kwa nini nijichoshe? Mimi nina bima." Usiku mmoja wa Julai amari ilikatika. Mashua ilichukuliwa mpaka miambani, na asubuhi watoto waliokota mbao zake. Alipokwenda kudai, alisomewa sharti lililokuwamo katika karatasi yake mwenyewe: kwamba katika miezi iliyotajwa chombo kiwe kimepandishwa pwani na kina mlinzi. Hakulipwa hata senti. Mabaharia wake wanne walikwenda kutafuta vibarua, na mmoja wao alimwondoa mwanawe shuleni muhula ule.

Wako waliosema kuwa ile kampuni imemdhulumu. Mimi sikuwa mwamuzi baina yao. Lakini kisa kile kilinifanya niulize na kusoma, na niliyoyapata yafaa yajulikane na kila nyumba yenye chombo.

Bima ya vyombo vya bahari ni jambo la kale, na sheria iliyofuatwa na nchi nyingi katika kutunga sheria zao ni ile ya Uingereza ya mwaka 1906. Sheria hiyo yasema wazi kwamba, ila mkataba ukitamka vingine, mtoa bima hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala kuvuja kwa kawaida, wala hasara iliyosababishwa na panya au wadudu waharibifu. Tena yasema kwamba ni wajibu wa mwenye chombo na mawakala wake kufanya yote yanayofaa ili kuizuia hasara au kuipunguza. Tazameni, ndugu zangu! Wale adui watano niliowataja, watatu katika wao, yaani kuoza, kukauka na wadudu, aghlabu hawamo kabisa katika bima. Hao hawana mlinzi mwingine ila mkono wa mwenyewe. Na wawili waliobaki, yaani dhoruba na mwizi, wamo kwa sharti kwamba mwenyewe ametimiza wajibu wake.

Kwa hiyo mwenye kutaka bima na aulize maneno haya kabla ya kutia sahihi. Je, chombo kimekingwa kinaposafiri tu, au hata kinapolala? Miezi ya kulala ni ipi, na nikikishusha kabla ya siku zake, kinga yangu yabaki? Kinatakiwa kilazwe wapi, majini au nchi kavu, na nani awe mlinzi? Je, kinga yafika wakati wa kukipandisha na kukishusha, ambapo magogo huteleza na mbao huvunjika? Kuna bima zinazopunguza malipo kwa miezi ambayo chombo kimelazwa. Je, hii ni mojawapo? Thamani iliyoandikwa ni ya soko la leo, au ya siku chombo kilipoundwa? Na hasara ikitokea, nitatakiwa kuonyesha nini? Hapo ndipo zile picha na lile daftari vinapokuwa na thamani kuliko maneno ya mashahidi kumi. Na asifiche dosari ya chombo chake anapoulizwa, kwani kuficha ni haramu katika dini yetu, na katika sheria ya bima ni kasoro inayoweza kuubatilisha mkataba wote.

Ama kwa upande wa dini, Mwislamu hana budi kuuliza swali la kabla ya hayo yote: je, mkataba wenyewe wafaa? Inapendeza kujua kwamba bima ya kwanza kuchunguzwa kwa urefu na wanazuoni wetu ilikuwa ni hii hii ya baharini. Sheikh Muhammad Amin Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1836, aliona wafanyabiashara wa zama zake wakitoa mali kwa watu wa Ulaya ili walipwe shehena ikipotea baharini, naye akafutu kwamba haiwi halali kwa mfanyabiashara wa nchi za Kiislamu kuchukua badala ya mali iliyopotea kwa njia hiyo. Mwezi wa Desemba 1985, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah lilikata shauri kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa, yaani hadaa na kutojulikana kinachouzwa, na kwa hiyo haifai. Na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo msingi wake ni kutoa kwa ajili ya kuchangiana.

Bima hiyo ya kusaidiana ndiyo inayoitwa takaful. Wanachama hutoa michango kwa nia ya kutoleana. Michango huwekwa katika mfuko ulio mali yao wote, na mfuko huo haukopeshwi kwa riba. Msimamizi hupewa ujira wake unaojulikana. Mwenye kupatwa na msiba hulipwa kutoka mfuko ule, na kinachozidi mwisho wa mwaka huweza kurudishwa kwa wanachama au kuwekwa akiba. Kampuni ya kwanza ya namna hii iliundwa Sudan mwaka 1979, na Malaysia ikaitungia sheria mwaka 1984. Nchini Kenya kazi ya takaful ilianza mwaka 2011. Wala fikra ya kusaidiana si ngeni kwa mabaharia wengine. Katika bandari za Uingereza, tangu karne ya 18, wenye merikebu walijifungia vyama vya kulipiana hasara wao kwa wao, na ile sheria ya mwaka 1906 ina kifungu chake juu ya jambo hilo.

Katika pwani yetu, kusikia ni kumoja na kutenda ni kwingine. Baada ya msiba wa jirani yule tulikutana baada ya swala ya Isha, wenye vyombo kumi na mmoja, tukafungua sanduku. Tulikubaliana kwamba katika miezi ya kaskazi kila chombo kitoe sehemu ndogo ya fungu lake kila juma, na katika kusi kisitoe kitu, kwa kuwa hakichumi. Chombo kitakachopatwa na msiba kitasaidiwa mbao, misumari na ujira wa fundi. Na sharti letu kubwa liliandikwa mwanzo wa daftari: chombo ambacho hakikupandishwa na kutiwa magadi kabla ya bamvua ya mwisho ya mwezi wa Mei hakina haki katika sanduku.

Mwaka wa pili sharti hilo lilijaribiwa. Mwenzetu mmoja alikuwa amelala kitandani kwa maradhi tangu Aprili. Mabaharia wake walitawanyika, na mashua yake ikabaki kwa nanga. Mwezi wa Juni ikavunjika. Mkewe akamtuma mwanawe kuja kuuliza juu ya sanduku. Usiku ule baraza ilikuwa nzito. Mzee mmoja alisema: "Mtu ni mgonjwa. Tukimnyima, kusaidiana kwetu ni kupi?" Mwingine akasema: "Tukilivunja sharti leo kwa huyu, kesho tutalivunja kwa mwenye kulia zaidi, na kesho kutwa sanduku litakuwa tupu, na chombo kilicholindwa vizuri hakitapata kitu." Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo penye uzito.

Ami yangu aliyekuwa amenyamaza alivua kofia yake, akatia ndani yake fedha alizokuwa nazo, akaipitisha kwa aliye karibu naye. Akasema: "Sanduku ni mkataba, tulifunge kama tulivyoandikiana. Kofia ni sadaka, haina sharti. Tusivichanganye, vyote viwili vitaharibika." Kofia ilizunguka, ikarudi ina kadiri ya theluthi ya thamani ya mbao. Waliokosa fedha walitoa siku za kazi, na fundi alikubali kungoja nusu ya ujira wake mpaka kaskazi. Kisha tukafungua daftari na kuongeza sharti jipya, nalo ndilo ninaloliona kuwa bora katika masharti yetu yote: mwenye chombo akiwa mgonjwa, au yuko safarini, au amefariki na kuacha mayatima, basi ni wajibu wa wenzake wote kumpandishia chombo chake kabla ya siku iliyotajwa. Tangu hapo kinga yetu haingoji chombo kivunjike. Huanza kwa bega kuwekwa chini ya mkuku.

Lakini sitaki kuwadanganya vijana kwamba sanduku la kijiji latosha. Sanduku la pwani moja lina udhaifu mmoja mkubwa: dhoruba moja huweza kuvipata vyombo vyote kumi na kimoja usiku mmoja. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia karibu na Sumatra yalifika hata pwani zetu za Afrika Mashariki. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya Tanzania, katika eneo ambalo si kawaida kufikiwa na vimbunga. Siku kama hizo kila mchangaji huwa mdai, na hapana wa kulipa. Ndiyo hekima ya mfuko mpana, ambao ndani yake wamo wenye vyombo wa Lamu pamoja na wenye maduka wa Nairobi na wenye mifugo wa Wajir, ili msiba wa mahali pamoja ubebwe na mahali pengi. Kwa hiyo shauri langu kwa wenye vyombo ni kwamba sanduku la jirani liwe kwa hasara ndogo, na kwa hasara kubwa waende pamoja, wakiwa kundi, kwa watu wa takaful, na maswali niliyoyaandika hapo juu yakiwa mkononi. Mtu mmoja mwenye mashua moja husikilizwa kidogo. Watu kumi na mmoja wenye daftari la ukaguzi husikilizwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kukosa tawakali, na kwamba aliyeandikiwa kuzama atazama. Kwao natoa jibu linalojulikana na kila mtoto wa chuoni. Mtu alimwuliza Mtume s.a.w. juu ya ngamia wake, kwamba amfunge na kumtegemea Mungu, au amwache na kumtegemea Mungu. Naye Mtume s.a.w. alimwamuru amfunge, kisha ategemee. Katika nchi yetu ngamia wa watu wengi ni mashua. Magadi ni kufunga. Kalafati ni kufunga. Daftari, na sanduku, na mkataba uliosomwa mpaka mwisho, vyote ni kufunga. Baada ya hapo ndipo mtu anapolala, upepo wa kusi ukivuma juu ya makuti, naye akasema kwa ulimi uliotulia: tumetenda tuliloweza, na lililobaki ni lako, Ewe Mola wetu.

Na enyi vijana, kusi ijayo mtakapoitwa kuvuta chombo, msiulize kwanza ni cha nani. Huenda fungu lake ndilo linalomlisha yatima ambaye jina lake hamlijui.

Mwenyezi Mungu avihifadhi vyombo vyetu vilivyomo safarini na vilivyolazwa pwani, awarehemu mabaharia waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosaidiana katika wema na uchaji. Amin.